Upanga wa Burma Mbele ya Mheshimiwa Ndafu

Usiku wa jana niliota upanga wa marehemu babu umeamka kabla yangu. Umekaa ukingoni mwa kitanda changu, ala yake imewekwa pembeni kama suruali, na unanisubiri.

Kwa kuwa umenizidi umri, nikauamkia.

"Shikamoo."

"Marahaba," ukajibu upanga. "Una mafuta?"

Nikauliza mafuta gani. Ukasema yoyote, mradi yasiwe ya kupikia, kwa sababu kwa bibi yangu unapakwa ya alizeti na mende hawaupi raha. Nikaupa mafuta ya mgando ninayopaka midomoni. Ukajipaka taratibu kuanzia nchani, ukafika katikati, ukaniomba niusaidie mgongoni. Nikausaidia. Sikuona ajabu yoyote.

Nieleze kwanza upanga ulifikaje chumbani kwangu, maana sehemu hii si ndoto. Babu yangu, Kassian Ngonyani, alichukuliwa jeshini enzi za Mwingereza, akapelekwa Burma, akarudi Songea na upanga wa ofisa wa Kijapani. Bibi Gaudensia ametuhadithia tangu tukiwa tunatambaa: babu alipambana na yule ofisa ana kwa ana, akamshinda, akamnyang'anya. Tangu hapo ukoo wetu hukata ndafu ya harusi kwa upanga huo. Mbuzi mzima akishachomwa na kupambwa, maharusi wanaushika pamoja, wanamkata, watu wanapiga vigelegele. Kwetu hakuna aliyeolewa kwa kisu cha jikoni.

Sasa mdogo wangu Editha anaolewa leo na kijana wa Kihehe, na Wahehe ni watani wetu sisi Wangoni. Kwenye kikao cha mwisho cha harusi, baba mdogo wa bwana harusi, Mzee Vitalis Kihwele, aliushika upanga, akaupimapima mkononi, akasema, "Watani zangu, hii ni springi ya Land Rover. Babu yenu Burma alikwenda kusonga ugali." Watu wakacheka, ndiyo kazi ya utani. Akaongeza kwamba upanga ukionekana wa uongo atauchukua yeye, kama haki ya mtani, akafyekee migomba. Watu wakacheka zaidi. Bibi peke yake hakucheka. Aliinuka, akasema haendi harusini mpaka jambo hilo lijulikane, akaingia ndani. Hakupandisha sauti, na hapo ndipo tulipoogopa.

Wajomba wakanigeukia mimi. Nina duka la simu mjini, na ninasifika kwa kutambua simu feki hata ikiwa bado mfukoni mwa mtu. "Osmund, wewe si ndiye unayejua feki? Kesho asubuhi utuambie." Nikasema simu na upanga ni vitu viwili tofauti. Wakasema vyote vimetoka Asia. Basi nikajifungia nao chumbani, nikasoma kwenye simu yangu mambo yanayotazamwa na wajuzi: wimbi kwenye makali, namba kwenye vipande, kutu ndani ya mpini, na kijiti cha mwanzi kinachozuia mpini usichomoke. Usingizi ukanichukua kabla sijagusa kitu.

"Umemaliza kueleza?" upanga ukauliza.

"Nimemaliza."

"Twende. Tutachelewa kesi."

Ninafungua mlango wa chumba na kutokea dukani kwangu. Ala imefika kabla yetu. Imesimama kaunta, imejifunga khanga kiunoni, inatazama makava ya simu bila nia ya kununua.

"Nasikia mnampima huyu mzee," inaniambia. "Mimi nimekaa naye miaka yote hii, hakuna aliyewahi kuniuliza."

Nikaiomba radhi. Kisha, kwa mazoea ya kazi, nikafanya lile ninalofanya kwa kila simu inayoletwa na mtu mwenye haraka. Nikabonyeza kwenye ubapa wa upanga zile alama za kuuliza namba ya utambulisho: nyota, reli, sifuri, sita, reli. Upanga ukatetemeka. Sauti ya dada mpole ikasema, "Upanga unaoupigia haupatikani kwa sasa. Tafadhali jaribu tena baadaye."

"Nipo hapa hapa," upanga ukasema kwa aibu. "Jaribu tena."

Nikajaribu tena. Safari hii kila kipande kikataja namba yake: kikingio cha mkono, pete ya mpini, kile kidude cha mwishoni chenye maua, na ala yenyewe. Zote zikawa namba moja.

"Angekuwa ameokotezwa kutoka panga mbalimbali, humu ndani pangekuwa na ugomvi kila siku," ala ikasema. "Sisi tunagombana Jumapili tu, bibi yenu anapokwenda misa."

Nikaridhika. Simu yenye namba moja kwenye boksi, kwenye betri na kwenye kioo, mimi huiweka upande wa kulia wa kaunta. Nikauweka upanga upande wa kulia. Kaunta ikawa kizimba, na duka likawa ukumbi wa parokia.

Ukumbi umepambwa kwa ajili ya harusi ya Editha. Viti vimevishwa vitambaa vyeupe, puto zimefungwa, na wageni wamekaa na zawadi zao mapajani. Kwenye meza kuu, juu ya sinia, amepiga magoti ndafu. Amechomwa vizuri, ngozi inang'aa, ana majani ya saladi mdomoni na miwani ya kusomea. Kila anapotaka kusema anatoa majani, anasema, anayarudisha.

Nikasimama. "Mheshimiwa, kwa heshima zote, una maslahi katika kesi hii."

Akatoa majani. "Nimeshayatangaza. Upanga ukiwa wa kweli nitakatwa na upanga, ukiwa wa uongo nitakatwa na kisu cha jikoni. Kukatwa nitakatwa tu. Ninachoomba ni kukatwa kwa heshima. Mashtaka yasomwe." Akarudisha majani.

Mzee Vitalis Kihwele akainuka upande wa pili. Amevaa suti yake ya harusi, na mkononi ameshika kipande cha mwanzi kilichojaa ulanzi, pombe ya utomvu wa mianzi, kama kawaida ya watu wa kwao. Akatusalimia wote, "Kamwene," akanywa kidogo, akapangusa masharubu.

"Mheshimiwa," akasema, "watani zangu hawa ni watu wema ila wana mdomo. Mimi nasema hiki chuma kimezaliwa kwenye gereji. Nikishindwa, nitasalimu amri. Nikishinda, kinaanza kufyeka migomba Jumatatu."

Nilitazama upande wa wanawake. Kiti cha Bibi Gaudensia kilikuwa mbele kabisa, kimevishwa kitambaa chake cheupe, na hakikuwa na mtu. Nilijua kabisa kwamba kiti kile ndicho kinachohukumiwa.

"Shahidi wa kwanza," akasema ndafu. "Wimbi."

Wajuzi wanasema upanga wa kweli uliochomwa kwa moto na udongo huwa na wimbi jeupe linalotembea kandokando ya makali. Ule wa kughushi huchorwa wimbi kwa asidi. Nikainua upanga kwenye taa. Hakuna wimbi. Chuma kimetakata mwanzo mpaka mwisho, safi kama sufuria ya mgeni.

"Wimbi lako liko wapi?" nikanong'ona.

"Muulize ndimu," upanga ukasema.

Ndimu alikuwa amekaa safu ya nyuma pamoja na majivu. Akaletwa mbele. Akakiri kwamba kila mkesha wa Pasaka Bibi Gaudensia huuteremsha upanga kutoka darini, anakaa nao uani, anausugua kwa majivu na kipande cha ndimu mpaka ajione uso.

"Kwa nini ulikubali?" akauliza ndafu.

"Nilikamuliwa," akasema ndimu.

Ukumbi mzima ukamwonea huruma. Lakini upanga ukaniomba niugeuze, nitazame karibu kabisa na kikingio cha mkono, mahali ambapo kidole cha bibi hakifiki. Nikageuza. Palikuwa na wimbi moja dogo lililojibanza. Lilipoona watu likaona haya, kisha likajitokeza. Maji yakamwagika ukumbini, yakapanda mpaka kwenye magoti, baridi kweli kweli. Wageni wakanyanyua zawadi zao juu ya vichwa bila kuacha mazungumzo.

Mzee Kihwele akachota kwa kiganja, akaonja. Akafikiri.

"Si maji ya betri," akasema. "Ninayajua maji ya betri. Haya yamepitia moto."

"Iandikwe hivyo," akasema ndafu. Maji yakaondoka.

Ndipo ilipofika zamu ya mpini. Hapo pana shida, kwa sababu jina la fundi aliyeufua upanga huchorwa kwenye mkia wa chuma unaoingia ndani ya mpini, na huwezi kuuona mpaka mpini uvuliwe. Nilipolisema hilo, upanga ukarudi nyuma hatua moja.

"Mbele ya watu wote hawa?"

"Ndiyo utaratibu."

"Sijavua tangu Burma," upanga ukasema. "Hata bibi yako hajui kwamba huu mpini unavuka."

Kina mama wakafunika macho kwa kadi za harusi. Wanaume wakageukia ukutani. Kwaya ya parokia ikaimba wimbo wa taratibu wa kupitishia muda. Nikatafuta kile kijiti kidogo kilichopenya mpini upande huu na kutokea upande wa pili, nikakisukuma kwa kidole, kikatoka bila ubishi. Kamba zilizosukwa juu ya mpini zikalegea, na ngozi ya samaki aitwaye taa iliyo chini yake, ile yenye vipele, ikashusha pumzi. Mpini ukavuka.

Ndani alikuwa amelala Mzee Kutu.

Hakuwa mwekundu kama kutu ya bati la juzi. Alikuwa mweusi wa kahawa, kahawa ya Mbinga iliyochemshwa ikasahauliwa jikoni. Akakunja uso kwa ajili ya mwanga.

"Nani amefungua?"

"Mimi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Una majivu?"

"Sina."

"Una ndimu?"

"Amekaa kule nyuma, lakini hana nguvu tena."

Mzee Kutu akatulia. Akasema kwamba amekaa humo ndani tangu kabla baba yangu hajazaliwa, hajawahi kuguswa na mtu, na kwamba akisuguliwa hata mara moja, mambo yote anayoyajua yatapotea. Nikamhakikishia. Akajisogeza kidogo, na nyuma yake nikaona maandishi yaliyochorwa kwa patasi, mstari mmoja wa kutoka juu kwenda chini, mikato mingine imezama na mingine imepita juu juu, kama mtu alivyoandika kwa mkono wake siku ambayo alikuwa na haraka. Sikuweza kuyasoma. Lakini dukani nimeona nembo nyingi, na najua tofauti ya kitu kilichochorwa na mashine na kitu kilichochorwa na mtu.

"Naona mambo yanaelekea pazuri kwa Wangoni," akasema ndafu, na hapo nikaanza kutabasamu mapema.

Mzee Kihwele hakuwa anatazama maandishi. Alikuwa ameokota kile kijiti sakafuni. Akakinusa. Akakiweka ulimini, akafumba macho.

"Mheshimiwa, sheria inasemaje kuhusu kijiti?"

"Kiwe cha mwanzi."

"Mimi nimetoka Iringa," akasema Mzee Kihwele. "Mianzi naifahamu, nimeinywa tangu nilipoacha ziwa la mama. Mwanzi hata ukikauka miaka mia una ulanzi ndani yake. Hiki hakina tone. Hiki si mwanzi. Huu ni mti wa kwetu huku huku, tena umechongwa kwa kisu butu."

Ndafu akaomba apewe kijiti, akakitazama kwa miwani, akakirudisha. Akatoa majani mdomoni na safari hii hakuyarudisha, akayaweka pembeni ya sinia, na nikajua kwamba sasa anahukumu.

"Sheria haina mjomba," akasema. "Kijiti si cha Kijapani. Kama kijiti ni cha huku, nani atatuambia kwamba na chuma si cha huku? Upanga utakuwa fyekeo kuanzia Jumatatu."

Upanga haukulia. Uliinama tu, ukaniuliza kwa sauti ndogo kama migomba inauma. Nikauambia haiumi. Nilikuwa nakitazama kile kiti cheupe, na kwa mara ya kwanza nikaona kinaanza kukunjika chenyewe, taratibu, kama viti vinavyokusanywa sherehe ikiisha. Nikashikwa na uchungu mkubwa. Bibi yangu amehadithia jambo moja maisha yake yote, na mimi ndiye niliyeitwa kuja kulivua nguo.

"Samahani," kikasema kitu.

Tukatafutana.

"Samahani, nipo huku chini, kwenye kiganja cha mzee wa ulanzi."

Kilikuwa kijiti. Kilikuwa na sauti ya jikoni, sauti ya mtu aliyezoea kuongea akiwa amezungukwa na mvuke.

"Mimi si mwanzi," kikasema, "na sijawahi kudai kuwa mwanzi. Hakuna aliyeniuliza mimi ni nani. Mimi ni mwiko wa ugali."

"Mwiko mzima?" akauliza ndafu.

"Kipande. Ncha ya mshikio. Mwiko wenyewe upo. Mkitaka kujua, nifuateni, ila mjifunike, huko kunanyesha."

Kweli kunanyesha. Ukumbi umekuwa msitu na mvua inapiga majani mapana nisiyoyajua majina. Katikati ya msitu pana turubai, chini ya turubai pana moto, juu ya moto pana sufuria linaloweza kuogesha ng'ombe. Kijana mmoja amevaa kaptura ya jeshi na aproni ya gunia, anasonga ugali kwa mikono miwili. Nikamtambua kwa masikio. Masikio hayo ndiyo niliyo nayo mimi.

"Shikamoo, babu," nikasema.

Akanitazama kutoka juu hadi chini. Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka mingi.

"Babu yako ni nani?" akasema. "Shika kuni hizo."

Nikashika kuni. Mzee Kihwele naye akapewa kuni. Ndafu alisimama mbali na moto kwa sababu zake.

"Vita vinaendeleaje?" nikauliza.

"Wanasema vimeisha jana. Habari hazijafika jikoni. Huku bado watu wanakula."

Wakati huo akatoka mtu msituni. Kijana mwingine, mwembamba mno, koti la kiofisa linaning'inia mwilini kama limetundikwa. Mkononi anaburuta upanga, na mpini wake unachezacheza, kwa kuwa kijiti chake kilivunjika alipokuwa anachimbia mizizi ya kula. Upanga uliokuwa kwapani mwangu ukajiona, ukainama kwa heshima.

Yule kijana alisimama pale moshi ulipoishia. Babu akachota ugali, akauweka kwenye sahani ya bati, akafungua nyama ya kopo, akaimwagia juu, akasukuma sahani mbele. Kisha akaonyesha kwa vidole namna ya kumega, kubonyeza na kuchota. Yule kijana akamega, akabonyeza, akachota. Akala mpaka sahani ikawa safi. Akaomba tena kwa macho. Akapewa tena.

Alipomaliza, akauweka upanga chini kwa mikono miwili, akasukuma mbele kama sahani ilivyosukumwa.

"Sina kazi nao," babu akamwambia kwa Kiswahili. "Hapa tunakata vitunguu tu. Halafu mpini wako unacheza, utakuja kumkata mtu." Akachomoa kisu chake, akakata ncha ya mshikio wa mwiko, akachonga kijiti, akakipachika. Mpini ukatulia. Akamrudishia mwenyewe. Mwenyewe akatikisa kichwa, akarudi nyuma, akainama sana, akaondoka kwenda walikokuwa wanakusanyika wenzake. Akawa amekwenda zake.

Babu akabaki ameushika upanga mkono mmoja na mwiko mkono wa pili. Akanigeukia, na sasa akanitambua.

"Nyumbani wanasemaje?"

"Wanasema ulimshinda mtu ana kwa ana."

Akacheka mpaka ugali ukaanza kuungua, akarudi kuusonga. "Niliwaambia hivyo siku ya posa. Wakwe walisema binti yao haolewi na mpishi. Wanataka mwanamume aliyepigana. Ningefanyaje? Nilikuwa nimeshampenda."

"Na bibi uliamua kumdanganya?"

"Gaudensia? Alijua wiki ileile tuliyooana. Niliingia jikoni nikamsongea ugali, akamega tonge moja, akaniambia, Kassian, wewe hukuwa mtu wa bunduki. Nikamwomba asiseme wakati wazazi wake wangali hai. Wakafa. Akaendelea kutosema." Akapangusa jasho. "Halafu nikafa mimi, na sikukumbuka kumwambia basi."

Basi nikaelewa kwa nini Bibi hakucheka. Mtani alikuwa amerusha jiwe gizani na limempata mtu. Upanga haukumtia bibi wasiwasi hata kidogo. Ugali ndio uliomtia wasiwasi, kwa sababu ulikuwa wa kweli, na alikuwa amemwahidi mumewe.

"Mwambie inatosha," babu akasema. "Ameishika siri sana. Mwambie aseme tu, acheke na wenzake. Na mwambie aache majivu, chuma si sufuria."

"Hataniamini."

"Mpelekee kijiti."

Mzee Kihwele alikuwa amesimama kando, kuni kifuani, macho yamemlowa. Alisema ni moshi. Akamtazama babu, akasema, "Mtani, kumbe nilipatia."

"Ulipatia nusu," babu akamjibu. "Nusu ya springi umekosa. Weka kuni chini, uje ule."

Ndafu akasogea, akakohoa, akatoa hukumu akiwa amesimama mvuani. Upanga ni wa kweli, kwa ushahidi wa wimbi, wa namba, wa Mzee Kutu na wa mwiko. Kijiti kisichokuwa cha mwanzi hakiuondolei ukweli, kinaongeza. Mtani amesema kweli kuhusu ugali na atalipwa ugali. "Na mimi," akamalizia, "nitakatwa leo saa za mchana, na ninashukuru." Akarudisha majani mdomoni.

Nikaamka.

Kumepambazuka. Nje wanawake walikuwa wameshaanza kukwangua masufuria na mtu alikuwa anajaribu spika za harusi kwa kuhesabu moja, mbili, moja, mbili. Nikanyoosha mkono nizime simu, nikakuta mkono haufunguki, umekunja ngumi. Nikaufungua. Ndani ya kiganja palikuwa na kijiti kidogo cha mti, cheusi kwa uzee, na vidole vyangu vilikuwa na vumbi la rangi ya kahawa.

Upanga ulikuwa mezani nilipouacha, lakini mpini umesogea nje kidogo, na pale ulipoachana na kikingio nikaona mwanzo wa mstari wa maandishi. Mimi kijiti hicho sikukigusa nikiwa macho. Hata mahali pa kukisukumia sikuwa nimepaona.

Nikaenda jikoni kwa bibi bila kuvaa viatu. Alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya mafiga, amevaa gauni lake la kila siku, si la harusi. Ukutani, kwenye msumari wake, ulining'inia ule mwiko mkubwa mweusi ambao tangu utotoni tunakatazwa kuuchezea. Hatukuwahi kuambiwa kwa nini.

"Mume wangu, umeamka," bibi akasema bila kunitazama. "Haya, niambie. Ni springi?"

Niliuteremsha mwiko. Mwisho wa mshikio palikuwa pamekatwa upande mmoja kwa kisu butu, pengo dogo ambalo ningeweza kuishi miaka yote bila kuliona. Nikaweka kijiti pale. Mistari ya mti ikaungana kuanzia mwiko mpaka kijiti, bila kukatika.

Bibi akatazama. Moto ukafifia na hakuuchochea.

"Amekwambia mwenyewe?"

"Amesema inatosha, bibi. Amesema useme tu."

Akachukua mwiko kutoka mkononi mwangu, akaupangusa kwa pindo la khanga, akaupangusa tena mahali palepale. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, nikapiga magoti nimshike. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka mama zangu wakaja mlangoni kuuliza kuna nini.

"Nileteeni gauni langu la harusi," akawaambia, akijifuta macho. "Na unga. Mtani wangu Vitalis asiguse pilau la watu. Ugali wake nausonga mimi, kwa huu huu mwiko."